Kidato cha Tano na Sita: Namna ya Kuielewa Serikali Badala ya Kuikariri

Na Mwandishi Wetu

Mwanafunzi wa Tanzania Bara anayeripoti kidato cha tano mwezi Julai, akiwa na sanduku mkono mmoja na fomu ya kujiunga mkono wa pili, huwa tayari amepita katika mikono ya ofisi nyingi za umma bila kujua. Mtihani wa kidato cha nne aliofaulu ulitungwa na kusahihishwa chini ya usimamizi wa Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA). Shule aliyopangiwa ilitangazwa na Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (OR-TAMISEMI). Mtaala atakaoufuata umeandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), kwa kufuata sera inayosimamiwa na Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia. Walimu watakaomfundisha katika shule ya umma wako chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu.

Baada ya wiki chache, mwanafunzi huyo huyo huanza kusoma kuhusu Serikali, Katiba, demokrasia na utawala wa sheria, na wengi huyapokea mambo hayo kana kwamba yanahusu nchi ya mbali. Huandika maana ya demokrasia kwenye daftari, huorodhesha sifa zake, kisha huikariri orodha hiyo usiku wa kuamkia mtihani. Mtihani ukiisha, orodha nayo husahaulika.

Hasara yake si ya alama peke yake. Wanafunzi wengi hutimiza umri wa miaka 18 wakiwa kidato cha tano au cha sita. Ibara ya 5 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inampa kila raia aliyetimiza umri huo haki ya kupiga kura. Kwa hiyo miaka miwili ya elimu ya sekondari ya juu ndiyo nafasi ya mwisho kwa vijana wengi kufundishwa darasani namna nchi yao inavyoendeshwa, na ndiyo miaka wanayoanza kuwa na sauti katika uendeshaji huo. Anayetoka bila kuelewa huingia katika uraia kamili akiwa na maneno mengi na maarifa machache.

Mahali pa siasa katika masomo

Mambo ya Serikali na siasa hayaanzi kidato cha tano. Kwa muda mrefu wanafunzi wa kidato cha kwanza hadi cha nne wamejifunza somo la Uraia, na wale wa kidato cha tano na sita wakajifunza General Studies, somo maarufu kwa kifupi cha GS, lililowahusu wanafunzi wa sayansi, biashara na sanaa kwa pamoja. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutekelezwa kwa awamu mwaka 2024, umeliingiza shuleni somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Aidha, wanaochukua tahasusi zenye Historia hukutana na siasa kupitia harakati za uhuru, ujenzi wa Taifa na uhusiano wa kimataifa.

Majina ya masomo yanaweza kubadilika, lakini kiini kinabaki kilekile. Nani ana mamlaka? Ameyapata wapi? Anayatumia kwa utaratibu gani? Na nani anaweza kumzuia akiyatumia vibaya? Mwanafunzi anayeweza kujibu maswali hayo manne kuhusu jambo lolote la umma ameelewa somo.

Kuanza na kilicho karibu: Muungano

Moja ya mada zinazowasumbua wanafunzi ni muundo wa Muungano. Ibara ya 4 ya Katiba inaeleza kuwa vipo vyombo viwili vyenye mamlaka ya utendaji, vyombo viwili vyenye mamlaka ya kutoa haki na vyombo viwili vyenye mamlaka ya kutunga sheria na kusimamia utekelezaji wa shughuli za umma. Serikali ya Jamhuri ya Muungano inashughulikia mambo yote ya Muungano pamoja na mambo yasiyo ya Muungano yanayohusu Tanzania Bara. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ) inashughulikia mambo yote ya Zanzibar yasiyo ya Muungano, na Baraza la Wawakilishi ndilo linalotunga sheria katika mambo hayo.

Maelezo hayo huonekana mazito mpaka yaletwe kwenye dawati la mwanafunzi mwenyewe. Nyongeza ya Kwanza ya Katiba inaorodhesha mambo 22 ya Muungano. Ndani ya orodha hiyo imo elimu ya juu na limo Baraza la Mitihani. Elimu ya msingi na sekondari haimo. Kwa sababu hiyo, mwanafunzi wa kidato cha sita aliyeko Unguja au Pemba anasoma katika shule inayosimamiwa na wizara ya elimu ya SMZ, lakini hufanya mtihani wa Baraza la Mitihani sawa na mwenzake wa Mwanza au Mtwara. Akifaulu na kwenda chuo kikuu, anaingia katika eneo ambalo ni la Muungano.

Kijana mmoja, ndani ya mwaka mmoja, anapita chini ya mamlaka ya Serikali mbili. Anayeufahamu mfano huu hahitaji kukariri tofauti kati ya mambo ya Muungano na yasiyo ya Muungano, kwa kuwa anaiishi. Ataelewa pia kwa nini Polisi, uraia na uhamiaji vipo chini ya mamlaka ya Muungano, ilhali hospitali ya Mnazi Mmoja mjini Zanzibar ipo chini ya SMZ.

Ada iliyofutwa na safari ya fedha ya umma

Mada nyingine inayoeleweka vizuri kupitia maisha ya mwanafunzi ni Bajeti ya Serikali. Elimu bila ada kwa kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za umma ilianza kutekelezwa mwezi Januari 2016. Wanafunzi wa kidato cha tano na sita waliendelea kulipa hadi mwezi Juni 2022, Serikali ilipotangaza bungeni, katika hotuba ya Bajeti ya mwaka wa fedha 2022/23, kufuta ada kwa madarasa hayo.

Tangazo hilo lilipokewa kwa furaha na wazazi. Kwa mwanafunzi wa siasa, linapaswa kuibua swali: je, hotuba ya Waziri inatosha kuifanya fedha itoke? Jibu ni hapana. Katiba inaelekeza kuwa fedha haziwezi kutolewa kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina ya Serikali isipokuwa kwa idhini ya sheria. Waziri huwasilisha makadirio ya mapato na matumizi, wabunge huyajadili na kupiga kura, kisha sheria ya matumizi hutungwa. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na hiyo ndiyo sababu mikutano ya Bunge ya kati ya Aprili na Juni hutawaliwa na mjadala wa Bajeti.

Bunge lina nguvu kubwa katika hatua hiyo, lakini nguvu hiyo ina gharama yake. Ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa kupitisha Bajeti ya Serikali. Wabunge nao wanafahamu kuwa Bunge likivunjwa, watarudi kwa wapiga kura. Mwanafunzi akilipima hilo ataelewa kwamba mihimili hudhibitiana pia kwa kila mmoja kujua mwenzake anaweza kufanya nini.

Safari ya fedha haiishii hapo. Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG), ambaye kazi zake zimeainishwa katika Ibara ya 143, hukagua matumizi na kuwasilisha taarifa kwa Rais, naye huelekeza zifikishwe bungeni. Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Hesabu za Serikali (PAC) huwahoji maofisa wa wizara na taasisi, na Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa (LAAC) huwahoji wa halmashauri. Kwa hiyo fedha iliyokusudiwa kujenga bweni la shule ina njia ndefu: imeombwa na Serikali, imeidhinishwa na Bunge, imetumiwa na halmashauri, imekaguliwa na CAG na kurudi tena mbele ya Bunge kwa maswali. Anayeifuatilia njia hiyo amejifunza maana ya uwajibikaji kwa kina kuliko tafsiri yoyote ya kamusi.

Je, mihimili imetenganishwa kabisa?

Swali kuhusu mgawanyo wa madaraka hupendwa na watunzi wa mitihani, na majibu mengi hufanana: Serikali inatekeleza, Bunge linatunga sheria, Mahakama inatoa haki, basi. Jibu hilo si la uongo, ila linaishia mlangoni.

Katiba ya Tanzania inaonesha picha pana zaidi. Kwa mujibu wa Ibara ya 62, Bunge lina sehemu mbili, yaani Rais na wabunge. Muswada uliopitishwa na wabunge hauwi sheria mpaka Rais aukubali. Mawaziri, ambao ni sehemu ya Serikali, huteuliwa kutoka miongoni mwa wabunge. Waziri Mkuu huteuliwa na Rais, lakini uteuzi huo huhitaji kuthibitishwa na Bunge kwa kura. Majaji wa Mahakama Kuu huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Kwa upande wa kulinganisha, Katiba ya Marekani hairuhusu mtu kuwa mjumbe wa Kongresi na papo hapo kushika wadhifa katika serikali.

Mwanafunzi mzuri ataandika kwamba Tanzania ina mgawanyo wa madaraka wenye miunganiko, kisha ataonesha ni wapi mipaka inabaki imara. Atataja Ibara ya 107B inayozitaka mahakama ziwe huru na zifuate Katiba na sheria peke yake. Atataja Ibara ya 110A, ambayo haimruhusu Rais kumwondoa jaji kazini kwa utashi wake, bali kwa utaratibu wa tume maalumu ya uchunguzi. Atataja Ibara ya 97, inayoeleza kinachotokea Rais akikataa muswada: hurudishwa bungeni pamoja na sababu, na ukipitishwa tena kwa theluthi mbili ya wabunge na kupelekwa kwake ndani ya miezi sita tangu uliporudishwa, Rais analazimika ama kuukubali ndani ya siku 21 ama kulivunja Bunge.

Jibu la namna hiyo lina pande mbili, vifungu na hukumu ya mwandishi wake. Ndilo linalotenganisha aliyekariri na aliyeelewa.

Mahakama inapoisoma sheria upya

Nafasi ya Mahakama huonekana wazi katika shauri linalowagusa vijana wa umri huo huo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika vifungu vya 13 na 17, iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, ilhali umri wa chini kwa mvulana ulikuwa miaka 18. Mwanasheria na mtetezi wa haki za wasichana, Rebeca Gyumi, alifungua shauri dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, akieleza kuwa vifungu hivyo vinapingana na Katiba, hasa haki ya usawa mbele ya sheria.

Mwezi Julai 2016, Mahakama Kuu ilikubaliana naye na kuamua kuwa vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Serikali ilikata rufaa, na mwezi Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani iliuunga mkono uamuzi wa Mahakama Kuu.

Shauri hilo lina mafunzo matatu kwa darasa. La kwanza ni historia. Haki za msingi, zilizomo katika Ibara ya 12 hadi ya 24, hazikuwamo katika Katiba ya 1977 ilipoanza. Ziliingizwa kwa mabadiliko ya mwaka 1984, na wananchi wakaanza kuweza kuzidai mahakamani mwaka 1988. La pili ni ngazi ya sheria: Katiba iko juu, na sheria yoyote inayopingana nayo haisimami, hata kama imetumika kwa miongo kadhaa. La tatu ni mpaka. Mahakama haikuandika sheria mpya ya ndoa, bali ilitoa muda wa mwaka mmoja kwa marekebisho kufanyika, kwa kuwa kutunga sheria ni kazi ya Bunge.

Takwimu na hoja: funzo la mwaka 1992

Kusoma siasa ni pamoja na kujifunza kupima hoja pale majibu mepesi yanapokosekana. Mfano wa kudumu katika historia ya Tanzania ni kurejea kwa mfumo wa vyama vingi.

Nchi ilikuwa na mfumo wa chama kimoja kisheria tangu mwaka 1965. Mwaka 1991, Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kukusanya maoni ya wananchi. Takribani watu wanane katika kila kumi waliotoa maoni walipenda mfumo wa chama kimoja uendelee. Pamoja na hayo, tume ilipendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 Katiba ikabadilishwa na Sheria ya Vyama vya Siasa ikatungwa. Uchaguzi Mkuu wa kwanza chini ya mfumo huo ulifanyika mwezi Oktoba 1995.

Mwanafunzi anaweza kuuliza: je, kuyaacha maoni ya wengi kulikuwa kwa kidemokrasia? Wapo watakaosema demokrasia ni wengi wape. Wengine watajibu kuwa demokrasia hulinda pia haki ya wachache kukusanyika na kushindana kwa hoja, na kwamba wengi wa waliotaka chama kimoja kiendelee walitaka pia kifanyiwe marekebisho. Mtahiniwa hapewi alama kwa upande aliouchagua. Hupewa kwa namna alivyoutetea, na kwa uadilifu wake katika kuueleza upande alioukataa. Uwezo huo ndio unaomfaa raia anaposikiliza wagombea wawili jukwaani.

Pengo la lugha

Lipo jambo moja linalofanya somo hili liwe gumu bila sababu ya msingi. Lugha ya kufundishia sekondari ni Kiingereza, ilhali siasa ya nchi inaendeshwa kwa Kiswahili. Bunge linajadili kwa Kiswahili, mikutano ya kijiji hufanyika kwa Kiswahili, na tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama. Kwa hiyo mwanafunzi anaweza kuifahamu dhana kwa jina la kitabuni na asiitambue anapoisikia redioni.

Dawa yake ni kusoma kwa lugha zote mbili. Mwanafunzi aandae daftari dogo la istilahi: mgawanyo wa madaraka, utawala wa sheria, muswada, hati ya dharura, kura ya kutokuwa na imani, haki na wajibu. Kila neno aliandikie maana, ibara inayohusika na tukio moja halisi. Faida nyingine ni ya nyumbani. Mzazi asiyesoma Kiingereza anaweza kuisoma Katiba ya Kiswahili pamoja na mwanawe na kujadiliana naye, na mara nyingi mzazi aliyehudhuria mikutano mingi ya kijiji anajua mengi ambayo hayamo kitabuni.

Vyanzo visivyo na gharama kubwa

Vyanzo vya kujifunzia vipo, na vingi ni vya umma. Katiba inapatikana kwa Kiswahili. Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge, zinazojulikana kama Hansard, hupatikana kwenye tovuti ya Bunge, na taarifa za CAG kwenye tovuti ya ofisi hiyo. Miswada huchapishwa katika Gazeti la Serikali kabla ya kusomwa mara ya kwanza, kisha kamati za Bunge huwaalika wadau kutoa maoni. Kila Alhamisi katika vikao vya Bunge, Waziri Mkuu huulizwa maswali ya papo kwa papo, na dakika hizo chache zinaweza kumfundisha mwanafunzi uhusiano wa Serikali na Bunge kuliko kurasa kumi za muhtasari.

Kwa mtahiniwa wa kujitegemea anayesoma jioni baada ya kazi, vyanzo hivyo ni vya thamani zaidi, kwa kuwa havihitaji darasa. Ratiba nyepesi inatosha: ibara tatu za Katiba kwa wiki, mjadala mmoja wa Bunge, na ukurasa mmoja wa kuandika kwa maneno yake mwenyewe alichokielewa.

Mwalimu naye ana nafasi yake. Mikutano ya Baraza la Madiwani iko wazi kwa wananchi, na halmashauri haiko mbali na shule nyingi. Darasa likikaa siku moja likasikiliza madiwani wakijadili barabara ya kata na upungufu wa madawati, litarudi na mifano ambayo hakuna mwanafunzi wa shule nyingine atakayeinakili.

Siku ya kutimiza miaka 18

Kwa mujibu wa sheria za serikali za mitaa, kila mkazi wa kijiji aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji. Huhitaji cheti cha kidato cha sita wala barua ya uteuzi. Mkutano huo hukutana kila baada ya miezi mitatu, na ndipo taarifa ya mapato na matumizi ya kijiji inapopaswa kusomwa mbele ya wenye kijiji.

Mwanafunzi anayerudi nyumbani mwezi Mei, baada ya mtihani wa mwisho, anaweza kuukuta mkutano huo chini ya mwembe au katika ofisi ya kijiji. Akiwa ameelewa alichojifunza, atasikiliza taarifa ya fedha, atainua mkono na kuuliza kwa heshima: fedha za ujenzi wa zahanati ziliidhinishwa lini, zimetumika kiasi gani, na stakabadhi ziko wapi? Hilo ni swali la mwananchi ambaye, kwa maneno ya Ibara ya 8 ya Katiba, ni sehemu ya msingi wa mamlaka yote.